Makala Yangu ya Mahindi ya Maposeni

Siku yangu ya kwanza maabarani sikugusa kinasaba hata kimoja. Mkuu wa Maabara, mama mrefu asiyependa maneno mengi, alinipa maji na pipeti, kile kibomba cha kupimia matone madogo kuliko chozi. "Pima maji," alisema. "Mkono ukitulia, tutakupa kazi." Nikapima maji hadi jioni, na shahada yangu ya baiolojia ya molekuli kichwani.

Kwa ninyi vijana, nieleze kidogo. Mtafiti anajulikana kwa makala zake. Unaandika ulichokigundua, unapeleka kwenye jarida, na jarida linawapa wahakiki, wataalamu wenzako usiowajua, waikosoe. Ikichapishwa, watafiti wengine wakiitegemea wanaitaja katika makala zao. Huko ndiko kunukuliwa, na kunukuliwa ndiko kunakompandisha mtu cheo. Katika makala yangu ya kwanza jina langu lilikuwa la tano. Nilimpelekea baba nyumbani Msamala. Akaligusa kwa kidole, akauliza, "Na hawa wanne waliokutangulia ni akina nani?"

Miaka ikapita, makala zikaongezeka, nikahamishiwa Songea kuongoza utafiti wa magonjwa ya mahindi. Msimu mmoja mahindi ya Maposeni yalianza kukauka kuanzia kingo za majani, na yaliyobeba yalitoa punje chache, zimesinyaa. Tulichukua majani, tukachukua na mbegu walizohifadhi wakulima, tukasoma vinasaba. Virusi vilikuwemo ndani ya mbegu zenyewe. Watu walikuwa wakigawiana ugonjwa kwa ukarimu, kibaba kwa kibaba.

Nilimweleza Mkurugenzi wa Utafiti. Alifurahi, kisha akafunga mlango.

"Daktari, usimwambie mtu. Kuna timu nyingine inawinda jambo hilihili. Andika kwanza."

"Mkurugenzi, wakulima wanakaribia kupanda."

"Na wewe unakaribia kuombewa cheo cha Mtafiti Mkuu. Makala hii ndiyo itakayokubeba. Kazi ni yako, fikiria."

Sikulala vizuri. Asubuhi niliacha kompyuta mezani, nikaenda Maposeni. Mwenyekiti wa kijiji aliwakusanya watu, nami nikawaomba wasipande mbegu za mashamba yaliyougua. Mama Komba, mkulima wa makamo, alisimama na kikapu chake.

"Mwanangu, mbegu hii alinipa mama mkwe. Unataka niitupe?"

"Usiitupe, mama. Isage, mle ugali. Ugonjwa huu ni wa mahindi, si wa watu. Ila usiipande."

Alikaa, akakipakata kikapu chake. Nilirudi tena na tena, kijiji hadi kijiji, na wiki nilizopaswa kuandika zikaishia barabarani.

Timu ile ilituwahi. Makala yao ilitoka katika jarida kubwa, ikanukuliwa kila mahali. Yangu ilirudishwa na maneno ya mhakiki: hakuna jipya. Nililia ndani ya gari, nje ya ofisi. Mwishowe ikachapishwa katika jarida dogo. Kamati ya vyeo ilipokaa, Mkurugenzi aliniita, akasema kwa upole, "Nilijitahidi, Daktari. Walitazama nukuu." Nilistaafu nikiwa Mtafiti Mwandamizi.

Sasa nakaa Ruhuwiko. Watafiti vijana wakija kunisalimia, wananionyesha nukuu zangu kwenye simu. Makala ya Maposeni ipo chini kabisa. Sitawadanganya kwamba hainiumi. Nilikitaka cheo kile, na nawaambia waandike, tena waandike mapema, kwa sababu kazi isiyoandikwa huwachelewesha wanaokuja nyuma.

Mwaka huu nilikwenda Peramiho kumwona mgonjwa, na wakati wa kurudi nikapitia Maposeni. Binti mmoja aliyekuwa akipukuchua mahindi uani kwao alinipa shikamoo, nikaketi kupumzika. Alikuwa akitenga mafungu mawili.

"Hili la nini?" nikauliza.

"La mbegu, bibi. Hili jingine limetoka shamba lililougua, linakwenda mashineni. Hatulipandi."

"Nani aliwafundisha?"

Alinitazama kama niliyeuliza nani aliwafundisha kupika.

"Hakuna, bibi. Sisi hapa ndivyo tunavyofanya siku zote."

Nikamwambia wanafanya vizuri, nikasogeza kigoda karibu, nikamsaidia kupukuchua.