Salamu za Dada kwa Watu wa Simuleta

Dada yangu mkubwa hawezi kuomba hata chumvi kabla ya kuuliza hali ya ng'ombe. Ndivyo tulivyolelewa, na mimi nilikuwa hivyo hivyo mpaka nilipohamia Hopkins, huku Marekani, nikazoea watu wa kusema "hai" na kupita. Kwa hiyo wiki ile nzima nilimpigia simu kumwambia jambo moja tu: Jumamosi ukipewa nafasi, sema shida. Salamu tutasalimiana siku nyingine.

"Kwani mimi nimelelewa porini?" akanijibu.

Shida yenyewe ni hii. Dada anafundisha elektroniki katika chuo kidogo cha ufundi huko nyumbani, na vifaa vya kujifunzia havitoshi hata nusu ya darasa. Kinachomwokoa ni simuleta, programu inayojifanya kifaa: mwanafunzi anaandika maagizo yake, na taa ambayo ingewaka mezani inawaka kwenye skrini. Akikosea, hakuna kinachoungua. Ni programu huria. Hakuna anayeiuza, na yeyote mwenye ujuzi anaweza kuifungua na kuirekebisha. Mimi ndiye niliyempelekea. Mchana nafanya kazi Eden Prairie, kwenye kampuni ya vifaa vya hospitali, na jioni nasaidia kuondoa makosa kwenye simuleta hiyo. Wenzangu wa fellowship, ushirika wetu wa Wakenya kanisani, ambao karibu wote ni wauguzi, nikiwaambia kwamba natengeneza vifaa visivyokuwepo huniambia pole.

Sasa wakubwa wa simuleta walikuwa wameanza kupanga mambo ya mbele. Toleo jipya lingekaa kwenye kompyuta kubwa za mbali, nawe ungelifikia kwa mtandao tu. Zuri, lina kasi, lina rangi. Lile la zamani, unaloliweka kwenye laptop yako na kulitumia bila mtandao, lingeachwa lijifie. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Pale chuoni mtandao huja ukipenda, na mkuu wa chuo alishamwambia dada waziwazi: siku wanafunzi wakikosa cha kufanyia mazoezi, chumba kinapewa darasa la keki. Nilikasirika mpaka nikawaandikia wakubwa ujumbe mrefu usio na adabu sana. Mwanzilishi wa simuleta akanijibu kwa upole wa watu wa huku, ati hilo ni wazo la kuvutia, na dada yangu akaribishwe mkutanoni kwa video, azungumze dakika tano.

Mkutano ulikuwa nyumbani kwake, Apple Valley. Nikavuka mto asubuhi, theluji imejaa kando ya barabara, nikamkuta mlangoni na kaptura. Ni mhandisi mstaafu mwenye ndevu nyeupe, na sijawahi kumwona na suruali ndefu. Tukavua viatu, tukakaa kuzunguka meza, watu wachache tu, katikati bakuli la nyama iliyofunikwa viazi vya kukaanga. Huku ilikuwa asubuhi, kwa dada giza lilikuwa linaingia.

Akatokea kwenye skrini amevaa kitenge cha harusi na kilemba. Nyuma yake wanafunzi wamekaa wima na masweta yao. Moyo wangu ukashuka, maana mtu haji na kilemba kile kusema maneno machache.

Akawasalimu wote. Akatoa salamu za wanafunzi, za mkuu wa chuo, za mchungaji ambaye alikuwa ameuombea mkutano. Hata mama mboga wa getini alikuwa ametuma salamu. Kisha akaingia kwenye shukrani: akamshukuru mwanzilishi, akamshukuru mke wa mwanzilishi kwa kumvumilia, akawashukuru wazazi wa mwanzilishi, ambao nadhani walikufa zamani. Nikamwandikia chini ya meza: SHIDA. Akaisoma, akaigeuza simu kifudifudi.

"Mdogo wangu ananiharakisha," akawaambia. "Amekuwa hivyo tangu utotoni."

Wakacheka. Mimi nilikuwa natokota.

"Basi kabla sijafika kwenye shida yetu," dada akasema, "amebaki mtu mmoja tu wa kushukuru. Mtu huyo..."

Picha ikaganda mdomo wake ukiwa wazi, kisha ikapotea.

"Stima," nikasema. "Umeme umekatika."

Tukangoja. Mwanzilishi akauliza kama atarudi. Nikamwambia labda sasa hivi, labda Jumatatu. Akasema pole sana, na kwa bahati mbaya hawakupata kuisikia shida yake.

Hapo nikapandwa na hasira. "Si hiyo ndiyo shida! Hana stima, mtandao umeenda nayo, lakini laptop zina chaji na darasa linaendelea. Hilo toleo lenu jipya lingekuwa limezimika naye." Katika nyumba ile sidhani kama mtu alishawahi kupaza sauti. Wote wakaangalia bakuli, ambamo kilibaki kipande kimoja ambacho hakuna aliyethubutu kukichukua.

Kabla hawajainua macho, picha moja ikapenya kwenye simu yangu, dada ameituma kwa bando la simu yake. Chumba giza, nyuso za wanafunzi zikionekana kwa mwanga wa skrini, na kwenye kila skrini taa ya kijani imewaka. Nikampa mwanzilishi simu. Akaitazama muda mrefu, akaikuza kwa vidole.

"Hawa wanatumia la zamani, sasa hivi?"

"Sasa hivi."

Akasema basi, libaki. Lakini lazima awepo wa kulitunza: kila kitakachoongezwa kwenye jipya akihamishie kwenye la zamani, mwaka baada ya mwaka, na yeye umri umeenda. Nani yuko tayari? Bakuli likaangaliwa tena.

Kwenye fellowship yetu tuna desturi: anayelalamika pilau haina chumvi ndiye anayewekwa kamati ya jikoni. Nilidhani ni mambo yetu sisi Wakenya. Nikachukua kile kipande cha mwisho, nikakila.

"Haya, nipeni mimi."

Kesho yake nilikuwa kwenye gari nje ya kanisa, injini inanguruma kwa sababu ya baridi, dada akapiga. Nikamwambia darasa limepona, la zamani linabaki na mtunzaji amepatikana, kisha nikamgombeza vizuri. Kumshukuru mke wa mtu ambaye hata humjui! Dakika zote zimekwisha kwa salamu!

"Na huyo mmoja uliyembakiza alikuwa nani? Mbwa wa jirani?"

"Alikuwa wewe," dada akasema. "Nilitaka wajue ni nani aliyetuletea hiki kitu."

Machozi yalinitoka, nikajifanya natafuta glavu, kana kwamba ananiona.

"Si ungeanza na mimi, basi."

"Mzaliwa nawe anaanzwaje? Wageni kwanza. Sasa ni wewe unayeitunza, sivyo?"

"Ni mimi."

Jumatatu nikiwa kazini simu ikalia. Ilikuwa dada. Hakuniuliza nimeamkaje, wala watoto, wala baridi.

"Kwenye simuleta taa nyekundu haiwaki," akasema.