Pikipiki ya Mwaka Ule

Eucabeth alikuwa amekubali kila kitu isipokuwa mwaka. Alikubali kwamba Gibson, kitindamimba wake, asipopata pikipiki ya kubebea watu pale Ikonge atakwenda Nairobi kama vijana wengine, na boma libaki na mama peke yake na majani chai yake. Alikubali hata kuitoa bonasi yote ya chai. Lakini kabla hawajafika Keroka alimwambia waziwazi kwamba iliyoundwa mwaka elfu mbili kumi na nane hataki hata kuiona.

Gibson hakuuliza sababu. Kaka yake, Nyabuto, alifia juu ya pikipiki ya mwaka huo, na tangu mazishi hakuna aliyethubutu kulitaja jina lake mbele ya mama.

Muuzaji, bwana mmoja mcheshi aitwaye Josiah, alikuwa na mbili zilizowafaa. Moja ni ya huo mwaka wa 2018, mali ya mwalimu aliyeiendesha kwenda shuleni na kurudi tu, injini haijawahi kufunguliwa. Nyingine ni ya 2022, nyekundu, inang'aa kama sufuria ya harusi. Eucabeth akaiendea hiyo nyekundu moja kwa moja, akaipapasa kiti, akasema wamemaliza.

"Omong'ina," Josiah akamtania, akimwita mama mzee kwa Kikisii, "unamnunulia kijana pikipiki ama unamtafutia mke? Mbona unaangalia sura tu?"

Eucabeth alimjibu kwamba yeye alisoma mpaka darasa la saba, wakati darasa la saba lilikuwa kitu, na hahitaji kufundishwa mwaka upi ni mpya. Hakuwa mtu wa kumwaga kilio chake sokoni mbele ya mgeni.

Gibson alichuchumaa, akapitisha mkono chini ya kiti, kisha akamwomba mama yake ainame. Akamshika kidole, akakipeleka penye chuma. Chini ya rangi mpya kulikuwa na kovu nene la kuchomelewa. Fremu ilikuwa imevunjika, ikaungwa. Josiah akatazama pembeni, akasema bei inaweza kushuka.

"Hii imeshaanguka na mtu, Mama," Gibson alisema polepole. "Itanikatikia mteremkoni. Na si mwaka uliomuua Nyabuto. Ni lile lori lililoachwa barabarani bila taa."

Eucabeth hakuondoa kidole. Tangu wamzike alikuwa na kitu cha kuchukia, chuma chenye mwaka wake, na chuki hiyo ilimshikilia akasimama. Mwenye lori hakujulikana hadi leo. Sasa amchukie nani? Tena alikuwa amebakisha kidogo tu amkalishe mwana aliyesalia juu ya chuma kibovu, kwa kuikimbia tarakimu.

Akajifunga leso upya, akamwambia Josiah alete ile ya mwalimu.

Gibson akaiwasha. Ilinguruma kwa mlio ule ule wa chini, mlio ambao Eucabeth alizoea kuusikia jioni ukipanda mlima, Nyabuto akirudi, naye akijua ni saa ya kuinjika maji ya ugali. Eucabeth akaketi juu ya tairi kuukuu, machozi yakamtoka mbele za watu, yeye ambaye mazishini hakuonekana akilia.

Gibson akaizima haraka.

"Iwashe," mama yake akamwambia. "Wacha niusikie."