Taa ya Njano na Mpunga wa Chumbi

Magari ya mtumba ya Japani yalipoanza kumiminika kwetu Kibiti, mume wangu alinunua moja la kubebea mpunga kutoka shambani kwetu Chumbi. Katikati ya mavuno, taa ya njano yenye picha ya injini ikawaka. Gari lilivuta vizuri na halikuchemsha, lakini kila mwanamume barazani akageuka fundi: injini imekufa! Nikasema waliache. Nani anisikilize? Wakaifungua injini, vyuma wakavitandaza juu ya mkeka wangu wa kuanikia.

Walipoifunga, taa ikawaka tena, na sasa gari likafuka moshi. Likatufikisha Dar es Salaam kwa tabu. Fundi umeme wa magari huko akaunganisha kwa waya matundu mawili ya soketi ya kupimia gari, akahesabu taa ilivyowaka na kuzima, maana ndivyo gari linavyotaja ugonjwa wake.

“Mzee, kwenye ekzosi kuna sensa inayopima moshi, ili injini ijue itie mafuta kiasi gani. Ina hita yake ndogo ya kuipasha moto. Hita hiyo tu ndiyo imekufa. Injini ilikuwa nzima.”

“Na huu moshi?” nikauliza.

“Huo, mama, mmeuleta wenyewe.”

Mume wangu akachutama pale pale kwenye grisi. Mvua ikaanza kunyesha, na mpunga wetu wote ulikuwa bado Chumbi, shambani.