Mateke Matatu ya Kumpima Winga

Fahali wa kwanza niliyemwona akipigwa hadi kufa alikuwa mwekundu, na ilikuwa Matuu, siku ya soko. Alilala katikati ya barabara akakataa kuamka. Mwenyewe, mtu mzima aliyevaa kofia nzuri ya kwendea kanisani, akashika mpini wa jembe akampiga kichwani. Akapiga, akapiga, mpini ukavunjika. Akaenda kununua mwingine, mpini nasema, si fahali. Aliporudi mnyama alikuwa ameshakufa na nzi wameshafika. Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, kwa nini nidanganye.

Siku hizo nilikuwa naswaga ng'ombe wa tajiri mmoja Msomali aliyekuwa na biashara ya mifugo mjini Machakos. Alikuwa mtu mpole sana, hata sauti yake ilibidi umsogelee ndipo uisikie. Sijawahi kumwona akipiga mnyama kwa hasira. Alipiga kwa kupima. Kabla ya kununua alizunguka nyuma na fimbo nyembamba, akachapa kifundo cha mguu mara tatu. Ng'ombe akilala, hapana. Akikimbia kama mwenye kichaa, hapana. Yule anayeruka hatua moja, akasimama, akakugeuzia macho, huyo mnunue. Nilimuuliza kwa nini mara tatu. Akaniambia, "Moja ni bahati, mbili ni hasira, tatu ndiyo ukweli." Maneno hayo yaliniingia kuliko yote niliyofundishwa shuleni, ingawa shule yenyewe niliishia darasa la tatu na mwalimu wetu alikuwa mtu wa pombe.

Kazi hiyo niliifanya miaka kumi na moja. Mke wangu anasema ni tisa. Tuseme kumi, tusikosane.

Sasa, ng'ombe wakichinjwa ngozi haitupwi. Pale kichinjioni alikuwa anakuja mtu wa kiwanda kimoja cha upande wa Athi River kuchukua ngozi, na mtu huyo ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa timu ya mpira ya kiwanda. Siku moja nilimwambia, kwa mzaha tu, kwamba winga wake wa kushoto ana goti la ng'ombe aliyevuta mawe, halifiki Krismasi. Jumapili iliyofuata goti likatoka mahali pake kabisa, kijana akabebwa juu ya mlango kama machela. Mwenyekiti akaja mbio kichinjioni. Nilidhani anakuja kunipiga, kwamba nimemroga mtu wake. Kumbe anakuja kuniajiri.

"Wewe unajua miguu," akasema. "Njoo unichagulie winga."

"Mimi? Mimi najua miguu minne."

"Hii ni nusu tu. Itakushinda?"

Hivyo ndivyo nilivyokuwa mtu wa mpira, na nilikuwa na umri wa kuitwa babu.

Niseme ukweli, nilikuwa najua. Watu wengi wakitazama winga wanatazama mbio. Mbio hata sungura anazo. Mimi nilitazama hatua mbili za kwanza, mpira ukiwa bado hewani: anatoka, au anangoja kuona wengine? Halafu mpira ukimfikia, unatulia mguuni au unaruka kama tone la maji kwenye mafuta ya moto? Halafu macho. Winga anayepiga krosi huku anatazama vidole vyake, huyo anawapigia ndege. Na mwisho kabisa natazama akipigwa, kwa sababu winga ni mtu wa kupigwa. Anakaa pembeni peke yake kama mgeni, na kuna beki ambaye kazi yake ni kuhakikisha hafiki kule anakokwenda.

Kwa kipimo hicho cha mwisho nilikuwa na mtu wangu. Alikuwa beki wa kulia wa timu, na siku za kazi alikuwa anaangusha ng'ombe kichinjioni. Shingo yake na kichwa vilikuwa na unene mmoja. Tulikuwa na mapatano yetu, yeye na mimi tu: nikivua kofia, anampiga winga. Nikiirudisha kichwani, anamwacha acheze. Kila winga mara tatu. Wachezaji hawakujua. Mwenyekiti alidhani kofia naivua kwa sababu ya joto.

Siku ya kuchagua ilikuwa Jumamosi, kwenye uwanja wa shule moja nje ya mji wa Machakos, uwanja wa mchanga na vijiwe vidogo vinavyokula magoti. Ulikuwa mwaka wa ukame, kabla ya zile mvua kubwa zilizobeba madaraja. Mahindi yalikuwa yamekauka yakiwa kimo cha goti. Na nafasi ilikuwa moja: atakayechaguliwa anapata kazi kiwandani, kazi ya kudumu, na chumba kwenye nyumba za wafanyakazi. Walikuja mawinga kumi na wanane.

Mmoja wao alinijia mapema, kabla ya wengine. Alikuwa ametoka Muthetheni, mkulima, mwembamba, mikono yake imepasuka kwa jembe. Alinisalimia kwa heshima, akaniita asa, yaani baba, kama tunavyosema kwetu Ukambani. Miguuni alikuwa na njumu za kuazima kwa katekista wao, kubwa kupita kiasi, amezijaza magazeti mbele.

"Asa," akasema, "mke wangu atajifungua mwezi ujao. Shambani hakuna kitu, hata kunde zimekufa. Mimi siombi unipendelee. Naomba tu unitazame vizuri."

"Nitakutazama, mwana wakwa," nikamwambia, yaani mwanangu.

Tukaanza. Wa kwanza alikuwa kijana wa Kinanie mwenye mbwembwe nyingi, chenga hapa, chenga pale, anachekea mashabiki. Nikavua kofia. Beki wangu akamwingia na mguu wa juu, akamkata kama muwa. Kijana akalala chini akiita, "Mwaitu! Mwaitu!" maana yake mama yangu.

"Mama yako ako Kinanie!" watu wakampigia kelele. "Ngoja apande gari!"

Hakuamka hata kwa teke la pili. Wa tano alitoka mtaa wa karibu na Nairobi, wale wa Sheng. Alipita mbele yangu akaniita mbuyu, yaani mzee, akasema, "Niaje mbuyu, cheki vile naangusha mtu." Akaangushwa yeye, bega likagonga chini. Akaamka na jiwe mkononi, akamrushia beki, akamkosa, jiwe likampata mshika kibendera juu ya jicho. Hapo ndipo vita vilipoanza. Ndugu za mshika kibendera walikuwepo, wanne, na mmoja alikuwa na rungu. Refa alipuliza filimbi mpaka akakosa pumzi. Waliposhikwa na kutenganishwa, watu watatu walikuwa wanavuja damu, na yule wa Sheng alikuwa anakimbia akielekea barabarani bila kiatu kimoja. Mbio zake zilikuwa nzuri, nilizitazama. Lakini nilishasema kuhusu mbio.

Tukaendelea. Nani angesimamisha? Kufikia wa kumi na tatu, mchanga wa pembeni mwa uwanja ulikuwa na madoa kama sakafu ya kule kwetu kichinjioni, na beki wangu alikuwa anachechemea kwa kupiga tu.

Yule wa Muthetheni alikuwa wa kumi na nne. Mpira wa kwanza ulitumwa juu sana, mpira mbaya. Alitoka kabla haujapigwa. Ulipoanguka alikuwa ameshafika, akaupokea kwa upande wa mguu na ukalala pale kama mbwa anayemjua mwenyewe. Akainua kichwa. Akapiga krosi, na mshambuliaji hakuhitaji hata kuruka. Mwenyekiti akanishika mkono.

Nikavua kofia.

Teke la kwanza lilimpata kwenye ugoko. Soksi ikapasuka na nyama ikaonekana nyeupe kabla damu haijafika. Aliruka hatua moja, akasimama, akamgeuzia beki macho. Akauendea mpira.

La pili halikuwa teke, lilikuwa kiwiko, mdomoni. Akaanguka kwa magoti. Akatema jino kwenye kiganja, akalitazama kidogo kama mtu aliyeokota kifungo, akaliweka ndani ya soksi ile nzima. Krosi iliyofuata aliipiga huku damu inamtiririka kifuani, na ilikuwa nzuri kuliko ile ya kwanza.

"Ndiye huyu," mwenyekiti akasema. "Tumemaliza. Waambie wasimame."

"Bado moja."

"Bado moja ya nini, mzee? Umemwona!"

"Nimemwona. Lakini ni tatu."

Nilikuwa nimeshamchagua. Hilo nalisema wazi kwa sababu hakuna anayenilazimisha. Baada ya kiwiko kile hakukuwa na kitu nilichokuwa natafuta tena. Kofia ilikuwa kichwani. Beki wangu alinitazama kutoka mbali, na nadhani, kwa vile nilivyomjua, naye alitaka nimwache kijana. Nikaivua.

Alimwingia kwa nyuma, miguu yote miwili, kwenye kifundo. Mlio wa mfupa tuliusikia wote. Kijana alibaki chini muda mrefu, uso mchangani. Halafu akaamka kwa mguu mmoja.

Safari hii hakuuendea mpira. Alimrukia beki shingoni, shingo ile nene, na mikono ile ya jembe ikafunga. Walianguka pamoja. Kijana akiwa juu, akaanza kugonga kichwa cha beki chini, taratibu, bila kelele, kama mtu anayetwanga. Watu wanne walimvuta wakashindwa. Mmoja alimpiga ngumi sikioni, wala hakugeuka. Beki alikuwa ameanza kutoka povu alipopata pumzi ya maneno machache.

"Ni mzee! Mzee wa ng'ombe! Akivua kofia ndiyo napiga! Nimetumwa!"

Mikono ikaachia.

Akaja kwangu akirukaruka kwa mguu mmoja. Watu wakampisha njia. Wale mawinga waliopigwa asubuhi walikuwa wameshaelewa, na wao ndio waliopaza sauti: "Mpige! Mvunje huyo mzee!" Mmoja akanitemea mate, yakanipata kolani. Mwenyekiti alijitenga nami hatua mbili. Mimi sikukimbia, na haukuwa ushujaa. Kofia bado nilikuwa nayo mkononi.

"Asa, ni wewe?"

"Ni mimi."

"Zote tatu?"

"Zote."

"Baada ya hii," akagusa mdomo, "ulikuwa bado hujaona?"

"Nilikuwa nimeona."

"Sasa ya tatu ilikuwa ya nini?"

Nikamwambia ukweli, kwamba ni desturi.

"Desturi ya nani?"

"Ya kununua ng'ombe."

Mtu mmoja nyuma akacheka, akanyamazishwa. Nilifumba macho nikingoja ngumi ya kijana. Ngumi haikuja. Nilipofumbua alikuwa ameketi chini anafungua kamba za njumu. Ya mguu ule mbaya ilimchukua muda, mguu ulikuwa umeshavimba, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Akazigonga pamoja vijiwe vikatoka, akatoa yale magazeti, akazifunga kamba akazitundika shingoni.

Mwenyekiti alikuwa ameshachukua jezi, ya kijani, namba kumi na moja.

"Kijana, nafasi ni yako! Tutakungoja upone. Jumatatu saa mbili asubuhi uje langoni na kitambulisho, uandikwe. Chumba kipo tayari!"

Kijana aliokota tawi lililoanguka karibu na goli, akalijaribu kama litambeba.

"Mfikirie mke wako!" mwenyekiti akamwita. "Fikiria mtoto!"

Hapo alisimama, mgongo ukiwa kwetu. Nilidhani atageuka. Akapangusa mdomo kwa mkono, akaendelea kutembea, akapita nyuma ya goli, akapita uzio wa shule, akaingia barabara ya kwenda kwao, mguu mmoja chini na mwingine juu. Jumatatu mwenyekiti alisimama langoni na ile jezi hadi saa sita. Kijana hakuja, wala sikumwona tena kwenye uwanja wowote.