Presha ya Kitanda cha Sita

Nimefanya unesi hapa Nakuru miaka ishirini na minane, na mdomo wangu wodi nzima ya wazazi inaujua. Mchana mmoja tulikuwa wawili tu, mimi na binti mmoja aliyetoka chuoni juzi, na nyumbani Kiamunyi fundi wa paa alikuwa ananingoja. Nikavuta chati, nikajaza presha za saa nane pale pale mezani bila kumpima mtu. Ndiyo, nilitunga. Mama akionekana ametulia, unaandika kama za asubuhi. Tena tunauita uzoefu.

Binti akachukua mashine ya presha. "Sista, wacha nipitie kila mtu."

"Nimeshajaza. Utawaamsha bure!"

"Pole, sista, lakini mimi bado sijawapima."

Nikasonya. Watoto wa siku hizi, kitabu kimewajaa kichwani, kazi hawaijui!

Kwenye kitanda cha sita alilala mama wa Olenguruone aliyejifungua asubuhi, amejifunika blanketi zito la baridi ya kwao mpaka shingoni. Nilikuwa nimempita mara mbili nikisema, huyu anapumzika. Binti akampima, akakunja uso, akafunua blanketi.

"Sista! Kuja haraka!"

Godoro lilikuwa limelowa damu.

Nilikanda lile tumbo kwa nguvu zote ili mji wa mimba ujikaze, binti akaweka dripu, daktari akaja mbio, damu ya kuongezea ikaletwa. Mikono ilijua kazi yake, lakini moyo uliniambia, umemuua, umemuua. Jioni mama akafumbua macho, akauliza kama mtoto amenyonya. Mungu wangu! Nilijifungia chooni nikalia kwa furaha mpaka pua ikafura.

Niliporudi, binti alikuwa ameshika chati. Presha yangu nzuri ya saa nane ilikuwa pale pale, na sahihi yangu kando.

"Sista, yangu niiandike wapi?" akauliza polepole, bila kuniangalia.

Sisi hatufuti. Kosa kwenye chati hupigwa mstari mmoja, libaki likisomeka. Nikapiga mstari, nikaandika kando: hakupimwa. Nikatia sahihi, nikampa kalamu. Kesho yake mkuu wa wodi alinifokea, na nilistahili.

Nimebakisha miaka miwili nistaafu, na haya magoti yatanirudisha wodini nikiwa mgonjwa. Zamani jambo hilo lilinitisha. Sasa naomba tu zamu iwe ya yule binti, aje anifunue blanketi.