Ndama wa Kwanza

Jirani yangu wa ng'ambo ya bonde huongea na ng'ombe wake zaidi kuliko anavyoongea na sisi. Kila asubuhi humpangusa macho kwa ncha ya kitenge, kisha huzoa samadi kwa mikono mitupu na kuitandaza kwenye migomba. Mikono hiyo hunuka zizi hata kanisani, naye haifichi. Kabla ushirika wa kilima chetu haujampa huyo ng'ombe, alilima mashamba ya watu kwa ujira wa maharage, na watoto wake walilala njaa. Sasa wanakunywa maziwa, na migomba iliyokuwa imedumaa inazaa.

Sharti la ushirika lilikuwa moja: ndama jike wa kwanza atolewe kwa familia nyingine. Kura ikamwangukia Godeliva, mama yake Yolanda, aliyekuwa akimwita jirani yangu ombaomba mbele za watu. Wengi tulidhani jirani yangu atakataa. Akaja akimvuta ndama kwa kamba, macho yamemvimba kwa kulia.

"Nilijua utamficha," Godeliva alisema kwa sauti ndogo.

"Ningemficha wapi, na kelele zote hizi anazopiga?"

Godeliva akapiga magoti kumwomba radhi. Jirani yangu akamshika kiwiko, akamwinua.

"Inuka, mama Yolanda, ndama ana njaa. Chukua mundu nikuonyeshe majani ya kukata. Ukimpa yenye umande atavimba tumbo."

Wakateremka bondeni pamoja, ndama katikati yao.