Msumeno Uliotupwa Migombani

Rugemalira, seremala wa Izigo, hakuwa mtu wa kusema asante. Kijiji cha ujamaa kilipomwomba madawati ya shule, alishusha msumeno wake darini akaukuta umeshika kutu mpaka meno hayaonekani. Akasonya, akautupa migombani.

Mkewe Benigna aliuokota. Akauloweka kwenye pombe ya ndizi iliyochacha, akausugua kwa mchanga hadi chuma kikang'aa, akamletea pamoja na tupa.

"Meno utayanoa mwenyewe!"

Madawati yalipokamilika, kwa mbao iliyobaki Rugemalira alitengeneza kigoda. Jioni wageni walipofika, Benigna aliketi kwenye nyasi za sakafuni, maana viti vilikuwa vya wanaume. Rugemalira akamwekea kigoda kile mbele ya wote, kisha yeye akaketi nyasini.